Nafasi Yangu kwenye Gari la Bondeni

8 Juni

Daftari hili lilikuwa la Kemia. Nimechana kurasa za mbele, zilizobaki ni zangu. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka Januari, nikapata daraja la tatu, shule ya kidato cha tano sikupangiwa, na tangu hapo kila anayenikuta njiani ananiuliza, "Severina, bado upo?" Nipo. Ningekuwa sipo wangemuuliza nani?

Leo pale Newala mjini nimesoma tangazo la kikundi kinachoitwa Mwanga Bondeni. Wanatafuta vijana wanane wa kujitolea, washuke bonde la Ruvuma kuanzia tarehe 27 Julai mpaka mwisho wa Oktoba. Kazi ni kupita nyumba kwa nyumba kutafuta watu wenye vikope, ule ugonjwa wa macho unaofanya kope zigeukie ndani, kuwafikisha kwenye kambi ya madaktari, na kuwauguza wakishapasuliwa. Chakula kipo, pa kulala papo, mshahara hakuna.

Nikienda, chuo basi mwaka huu, maana vyuo vya uuguzi vinafungua Oktoba na mimi nitakuwa bondeni. Nikienda chuo, safari basi. Nyumbani wote wameshaamua kwamba nitakuwa muuguzi. Mimi sijui hata kama naweza kumshika mgonjwa. Miaka mitatu ni mingi kwenda kugundua kwamba huwezi, nataka nijaribu kwanza. Na niseme kweli, nataka kufika mara moja mahali ambapo hakuna aliyenituma.

Fomu yao inataka saini ya mlezi na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Vyote viwili viko kwa mjomba Benedikto. Baba yupo, yuko Tandahimba na mke mwingine, hupiga simu sikukuu. Lakini kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye ndiyo na hapana. Vyeti vya ukoo mzima viko kwenye sanduku lake la bati, na ufunguo uko shingoni mwake.

10 Juni

Mzunguko wa kwanza wa salfa. Mikorosho imeanza kuchanua, na maua yasipopulizwa, ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, unayala yote, msimu umekwisha kabla haujaanza. Tunapuliza mara tano, kila baada ya wiki tatu, alfajiri umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka. Mjomba anabeba mashine mgongoni, mimi nabeba salfa na kumjazia. Yeye ndiye fundi wa kijiji. Akimaliza mikorosho yetu, anaitwa na majirani mpaka wa mwisho.

Mwaka huu ana maswali kuliko mtoto. "Unga umeingia mpaka juu?" Umeingia, mjomba. "Huu tulishaupuliza?" Bado, mjomba. Nikadhani ananipima kama nimelala. Tukimaliza sote tuna macho mekundu, mama, mimi, mjomba, nadhani hata mbuzi. Salfa haina adabu.

13 Juni

Ukungu mpaka saa nne. Nimefua, hakijakauka kitu.

19 Juni

Nimempelekea mjomba fomu baada ya chakula cha mchana. Mama alikuwapo, anachambua kunde, hakuinua kichwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sema."

Nikasema yote, mpaka nikamaliza pumzi. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, na mimi nikaona ni dharau.

"Kujitolea," akasema. "Unajitolea kwa nani? Hapa kwenu umeshamaliza?"

"Ni miezi mitatu tu, mjomba. Chuo nitaomba mwakani."

"Chuo utaomba mwaka huu. Na mizunguko yote mitano utakuwa hapa, unanijazia mashine. Oktoba utakwenda chuo, nitakupa cheti kwa mkono wangu. Bondeni huendi."

"Mashine anaweza kukujazia mtu mwingine."

"Nimesema huendi."

Akaondoka. Nikamwambia mama, kaka yako anataka mtumwa, hataki mpwa. Mama akasema, "Chunga mdomo wako," akaendelea na kunde zake. Nimekasirika naye kuliko ninavyomkasirikia mjomba. Mjomba angalau alisema kitu.

20 Juni

Sikula.

21 Juni

Nimekula. Njaa haimkomoi mtu.

1 Julai

Mzunguko wa pili. Baridi imekaza, umande unadondoka kama mvua. Leo mjomba ameruka mikorosho yetu mitatu, mstari mzima wa kwenye mpaka. Nikamwambia. Akasema anajua, ataurudia, kisha akatembea akapita tena bila kuupuliza. Nikasimama nikamtazama tu. Tulipokwenda kwa jirani yetu Baba Sharifu, mambo yakawa yale yale. Salfa inatoka, unga mzuri wa njano, lakini inakwenda kati ya mti na mti, inaupuliza ukungu.

Kwa mdomo sikusema kitu. Moyoni nilisema amezeeka, amekuwa mvivu, anachukua kazi za watu na kuzifanya ovyo, halafu mimi ndiye niache safari yangu kwa ajili ya kazi ya namna hii.

4 Julai

Baba Sharifu amekuja asubuhi na tawi mkononi. Maua yamepakwa ule weupe wa ubwiriunga, kila mtu anaujua.

"Shemeji," akamwambia mjomba, maana wanataniana hivyo, lakini leo hakucheka, "mikorosho yangu minne imekwisha. Ulinipulizia salfa au ulinipulizia unga wa muhogo?"

"Salfa ya mwaka huu ni mbovu."

"Ni mbovu kwangu tu? Kwa wengine inaponya?"

Mjomba akalipokea lile tawi, akalisogeza karibu sana na uso, akaligeuza, akalirudisha. "Nitakuja kurudia," akasema. Baba Sharifu akaondoka bila kuaga. Niliona haya kama vile mimi ndiye niliyeharibu.

9 Julai

Dada Paulina, muuguzi wa Masasi anayeongoza Mwanga Bondeni, amenipigia simu, namba niliiacha nilipochukua fomu. Nije kwenye mafunzo ya siku mbili hata kama fomu haijasainiwa, nafasi yangu atanishikia mpaka dakika ya mwisho. Mama nimemwambia. Amenipa kanga yake mpya nivae, na yeye hakumwambia mjomba.

13 Julai, Masasi

Nilikuja jana, nimelala kwa binamu ya mama karibu na stendi. Masasi kuna joto na vumbi, na yale majabali yamekaa nyuma ya mji kama yanasubiri kuitwa.

Tumefundishwa. Unasimama mbele ya mtu, unawasha tochi kwa pembeni, unamwambia atazame chini, halafu unainua ukope wake kwa kidole gumba, polepole. Unatafuta kope zilizogeukia ndani. Kila mgonjwa anapopepesa, zinakwaruza kioo cha jicho, mchana kutwa, miaka na miaka. Mwisho kinafanya doa jeupe, na doa hilo halitoki. Dada Paulina alinipa bibi mmoja aliyekubali kutazamwa na wanafunzi. Nikamwinulia ukope. Bibi akasema, "Mkono mwepesi huu." Nimefurahi mpaka nimeona aibu.

Kisha dada Paulina akasema jambo lililonikaa. Wengi wanaoumwa hawajijui, wanasingizia moshi au vumbi. Wengine wananunua kibano, wanajing'oa kope wenyewe, wiki baada ya wiki, na hawamwambii mtu.

Nataka kwenda. Sasa najua ninachokitaka na kinaniuma.

15 Julai

Nimerudi. Nimezunguka nyuma ya nyumba kumwamkia mjomba, nikamkuta kwenye kigoda, ameupa uwanja mgongo. Mkono wa kushoto anapapasa ukingo wa ukope kwa ncha ya kidole. Mkono wa kulia ana kibano. Anapapasa, anabana, anang'oa, anafuta chozi kwa mkono wa shati. Hakuwa na kioo cha kujitazamia. Hakihitaji, hakimsaidii kitu.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

Kibano kikaingia mfukoni haraka. "Marahaba. Kumbe umesharudi. Salfa hii itatuua macho."

Tangu msimu uanze hatujafungua mfuko wa salfa ila siku mbili. Nami nilikuwa mjinga wa namna ile ile. Kwetu msimu huu kila jicho ni jekundu, basi hakuna anayeliuliza jicho la mwenzake lina nini.

Ile mistari aliyoiruka. Lile tawi alilolileta puani. Yale maswali yote, huu tulishaupuliza, umeingia mpaka juu. Mjomba haoni mikorosho. Anapuliza kwa sauti yangu.

16 Julai

Naandika hili ingawa sipendi kuliandika.

Ningeweza kumwonea huruma. Nilikuwa nayo, tangu jana nilikuwa nayo. Lakini asubuhi nilipomwomba tena anisainie, akasema, "Tulishamaliza," kwa ile sauti yake ya kufunga mlango, nikasikia moto umepanda.

"Mjomba, wewe hutaki niende kwa sababu ya chuo?"

"Kwa sababu ya nini tena?"

"Kwa sababu nikiondoka hakuna wa kukuonyesha miti."

Akanigeuzia mgongo.

"Nisainie," nikasema, "au namwambia Baba Sharifu kwa nini mikorosho yake imeumwa. Nawaambia wote wanaokuita. Wajue fundi wao haoni."

Nilitegemea anipige. Hakunipiga. Alivua ufunguo shingoni, akaingia ndani. Nikamsikia akipapasa karatasi kwenye sanduku. Akatoka na vyeti vyote vya ukoo, akanipa rundo zima. "Tafuta chako."

Nikakitafuta. Akaomba kalamu.

"Pa kusaini ni wapi?"

Nikakishika kidole chake, nikakiweka kwenye mstari.

17 Julai

Nimepata kila nilichokitaka. Mama ananishonea begi. Sina furaha yoyote.

22 Julai

Mzunguko wa tatu, wa mwisho kwangu. Upepo umewahi kuamka. Nimemshika mjomba kiwiko tangu mti wa kwanza, sikungoja aulize. "Sogea kulia. Inua. Tosha." Kwa Baba Sharifu tumepuliza kila mti, na ile minne tumeirudia mara mbili. Baba Sharifu alisimama mbali, mikono nyuma, akitutazama.

Jua lilipotoka nikamwomba mjomba akae. Nikamwambia, nitazame macho yako, sitamwambia mtu. Alikaa. Nadhani alikuwa amechoka kupigana na mimi. Jicho la kushoto doa limetanda katikati kama ukoko wa uji. La kulia doa ndiyo kwanza limeanza, pembeni. Kope tisa zimeingia ndani, nimezihesabu.

24 Julai

Nimempigia simu dada Paulina, nikamweleza bila jina. Ameniuliza maswali mengi, kisha akasema, "La kushoto usimdanganye. La kulia linaokoka akipasuliwa sasa. Ukisubiri Oktoba, siwezi kukuahidi." Nikamuuliza, akishapasuliwa anaweza kupuliza salfa? Nilimsikia akicheka kwa uchungu. "Severina, asiisogelee kabisa mpaka msimu uishe."

Mizunguko miwili imebaki.

25 Julai

Nimemweleza mjomba yote. Alikuwa akisuka kamba, vidole vyake havihitaji macho kwa hilo.

"Siendi hospitali Newala," akasema. "Nikikaa kwenye lile benchi, kabla ya mchana kijiji kizima kimejua. Fundi wa salfa hapasuliwi macho. Mwakani nani ataniita?"

"Nenda kambi ya bondeni. Huko hakuna anayekujua."

"Na mashine?"

"Tumtafute mtu apulize."

"Ukimpa mtu mashine yangu msimu huu, mwakani yeye ndiye fundi." Akaendelea kusuka. "Nitang'ang'ana. Jicho moja bado linaona njia."

Nikaondoka nimemkasirikia upya. Nilimfuata mama jikoni, nikamwambia siri yote, nikitegemea atashika kichwa. Mama akapuliza moto.

"Tangu mwaka juzi mimi ndiye ninayempimia petroli na oili," akasema. "Ulidhani ni kwa nini?"

"Ulijua? Ukanyamaza?"

"Alinyamaza mwenye macho, ningesema mimi?" Akanitazama. "Nilikuwa nasubiri uondoke kwa amani. Nilisema wewe angalau uende. Tungejua la kufanya."

Wiki zote hizi nimemwona mama hana upande. Alikuwa upande wangu, na alikuwa upande wa kaka yake, na pande zote mbili zilimtaka anyamaze. Nimelia, naye akaniambia moshi umeniingia.

26 Julai

Nimezunguka shambani siku nzima. Kama ningekuwa na roho mbaya kidogo zaidi, kesho ningepanda gari. Hakuna ambaye angenilaumu. Saini ninayo, cheti ninacho, mama amenibariki, mjomba mwenyewe amesema atang'ang'ana. Nilijaribu kujiambia kwamba bondeni kuna watu wengi wenye macho kama yake, na mimi naweza kuwafikisha kambini kumi au ishirini. Ni kweli. Lakini hao watapata mtu wa kuwafikisha, dada Paulina ana orodha ya waliokosa nafasi, ndefu. Mashine ya mjomba haina orodha. Ina mimi.

Na tena nilimtisha. Nilichukua macho yake nikayafanya fimbo ya kumpigia. Hilo halinifanyi nibaki, lakini halinitoki.

Jioni nimempigia dada Paulina. Nikamuuliza kama gari lina nafasi ya mgonjwa mmoja. Akasema limejaa, wanane na yeye na dereva na mizigo. Nikasema, je, nikibaki mimi? Akasema, "Umefikiri vizuri?" Nikasema hapana, ila nimeamua.

Mjomba nilimwambia hivi: "Mashine nitabeba mimi. Mizunguko yote miwili, yetu na ya watu. Sitampa mtu mwingine. Kesho unapanda gari."

"Wewe? Mashine? Itakuvunja mgongo."

"Ivunje."

Hakusema ndiyo. Ila aliniita baadaye, akanionyesha namna ya kuvuta kamba mpaka iwake, mara kumi, mpaka nikaweza.

27 Julai

Gari lilifika saa mbili. Mjomba alivaa shati la Krismasi. Nilimshika mkono mpaka mlangoni, nikamwonyesha kiti, kile cha dirishani. Vijana saba walikuwa wanaimba. Mmoja akaniuliza, "Wewe hupandi?" Dada Paulina akanikumbatia. Likaondoka.

Niliwahi kurudi shambani kabla watu hawajaniona uso.

29 Julai

Watu wanamuulizia mjomba. Mama amewaambia kanisani kwamba ameteremka kuwaona ndugu. Na mimi je, ile safari? Mama akasema, mjomba wake amemkataza. Aliniambia nyumbani, "Nisamehe, sikupata uongo mwingine wa haraka." Ni uongo mzuri. Unafunika kila kitu.

12 Agosti

Mzunguko wa nne. Mashine inatetemesha mpaka meno. Kamba zimenichuna mabega, mama amenipaka mafuta ya nazi. Mama ndiye aliyenijazia salfa. Kwa Baba Sharifu watu walikuja kutazama binti akipuliza, mmoja akaleta kiti. Sikuruka mti hata mmoja. Niliutazama kila mti mpaka juu kwa chuki.

14 Agosti

Nimekwenda Newala kwenye duka la kompyuta, nimetuma maombi ya chuo cha uuguzi, siku moja kabla dirisha halijafungwa. Palipoandikwa uzoefu wa kujitolea nimepaacha wazi.

18 Agosti

Mjomba amerudi. La kushoto linaona mwanga tu. La kulia limepona, kope zimetazama nje. Alipofika alisimama uwanjani akanitazama muda mrefu, kisha akasema, "Umekonda." Nilikwenda kuchemsha maji nisije nikalia mbele yake. Dada Paulina ameandika kikaratasi: wamefikisha wagonjwa thelathini na mmoja, nafasi ya nane imechukuliwa na msichana wa Chidya, ni hodari.

Nimefurahi kwa ajili ya mjomba. Kwa ajili ya yule msichana wa Chidya nimejaribu.

2 Septemba

Mzunguko wa tano, umekwisha. Maua yameshika, vikorosho vidogo vya kijani vimening'inia kila tawi, hata kwenye ile minne ya Baba Sharifu. Amekuja kushukuru na jogoo. Mjomba alikuwa amekaa barazani, mbali na salfa, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Shemeji," akasema Baba Sharifu, na leo alicheka, "huyu binti ni dhahabu. Watoto wa siku hizi hawasikii. Huyu ulimkataza safari, akatulia, akafanya kazi." Akanigeukia. "Umefanya vizuri kumsikia mjomba wako."

Nilimtazama mjomba. Alinitazama kwa lile jicho moja, na nilijua kwamba ananiona vizuri. Alifungua mdomo. Nikangoja.

"Safari zipo tu," akasema. "Nilimwambia hivyo."

"Ndiyo, mjomba," nikasema, nikampokea Baba Sharifu yule jogoo.

Simlaumu. Nilimwahidi, na akisema kweli ataulizwa alikwenda bondeni kufanya nini. Nitaitikia hivyo hivyo Krismasi, na kwenye harusi, na siku nitakayovaa sare ya chuo, wataniambia unaona faida ya utii. Basi niandike mara moja, mahali pamoja. Hakunikataza mtu. Begi lilikuwa limeshafungwa na gari lilisimama mlangoni. Nilitaka kwenda. Nilibaki kwa kuamua mwenyewe, na bado nataka.